Mchezaji Aliyeulizwa Kaburi la Babu

Nimekwisha kukabidhi mipira, koni na fulana za mazoezi kwa kijana aliyechukua nafasi yangu, na sasa nashinda nyumbani namkera mke wangu jikoni. Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Alisema mtu mwenye maneno mengi hivi juu ya namna ya kumenya ndizi hawezi kukosa machache ya kuwaambia makocha vijana, na kwamba karatasi haitachoka kunisikiliza kama yeye alivyochoka. Basi ninaandika. Anayetaka kujua nilipanda vyeo gani na nililipwa nini hatapata hapa, maana hata mimi nikikumbuka mambo hayo naanza kusinzia.

Nilianza kazi vita vya mwishoni mwa miaka ya sabini vilipokwisha, wakati barabara yetu bado ina mashimo ya magari ya jeshi. Pale Omurushaka kulikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa, na kiwanda kilikuwa na timu. Siku hizo mpira wetu ulikuwa wa ridhaa, hakuna aliyeruhusiwa kusema anaishi kwa kucheza. Kwa hiyo kiwanda kilikuajiri kazi nyingine, nawe ukacheza. Mimi niliajiriwa kushona magunia. Nilifika asubuhi nimevaa shati la kanisani, nikapewa sindano ndefu ya magunia na kamba ya katani, nikaonyeshwa pa kukaa. Kufikia mchana vidole vilikuwa vinavuja damu na vumbi la maganda ya kahawa limenijaa puani. Jioni ndipo nilipoitwa uwanjani, na huko nikaambiwa sasa nionyeshe kazi iliyonileta.

Aliyeniita alikuwa Mwalimu Selestini, kocha wetu, mtu mfupi mwenye kikohozi ambaye alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi na alitusemesha wote kama darasa la tatu. Sikumsikia akimsifu mtu hata mara moja. Ukifunga goli angekuuliza kwa nini hukufunga la kwanza ulipopata nafasi. Lakini alikuwa anajua miguu. Alikuwa akikutazama unavyoshuka kwenye lori la kahawa, akakwambia leo huchezi, paja lako la kushoto linalalamika. Nami nimefanya hivyo maisha yangu yote, na ninyi fanyeni: msimwulize mchezaji kama anaumwa, mtazameni anaposhuka garini. Ukimwuliza atakudanganya, kwa sababu anaogopa.

Vifaa vilikuwa vya kuchekesha. Daruga zilikuwa jozi chache kuliko wachezaji, na zote zilikuwa kubwa, sijui kiwanda kilinunua kwa ajili ya watu gani. Tulijaza matambara mbele, tukazifunga kwa kamba ya katani ile ile ya magunia. Misumari ya chini ilikuwa inatokeza ndani, kwa hiyo kabla ya mechi kila mmoja alikaa na jiwe anagonga daruga yake, na kelele zile zilikuwa kama za mafundi seremala. Mpira wa ngozi tuliupaka mafuta ya ng'ombe ili usinywe maji. Ukinyeshewa ulikuwa mzito hivi kwamba aliyeupiga kichwa alikaa chini kwanza kabla ya kuendelea.

Tulikuwa na kamati ya ufundi pia, na mnajua kamati hiyo haihusiki na ufundi wowote, kazi yake ni kwenda kwa waganga. Siku moja ilituamuru tusiingie uwanjani kwa lango, tupite nyuma kwenye uzio wa seng'enge. Beki wetu wa kati akachanika bukta mbele ya akina mama wa kwaya, na tukafungwa vilevile. Kamati ilieleza kwamba tungefungwa zaidi.

Nimewachekesha kidogo, sasa nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Kibarua chako kiwandani kiliishi kadiri mguu wako ulivyoishi. Tukishinda, Jumatatu ulishona magunia kivulini. Tukifungwa, ulipelekwa kupakia lori. Beki yule wa bukta, Kamugisha, alivunjwa kifundo cha mguu katika mechi ambayo haikuwa hata ya mashindano. Mwunga mifupa alimfunga kwa vijiti na majani, na mfupa ukaunga, lakini uliunga umepinda. Alirudi kiwandani anachechemea, akakuta mtu mwingine ameshika sindano yake. Meneja hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba kwa sasa hakuna nafasi, aje baadaye, na Kamugisha akawa anakuja kila wiki, anakaa chini ya ukuta wa ghala, mpaka akaacha kuja. Sisi tulimpita pale tukienda mazoezini. Tulimsalimia, lakini hakuna aliyetaka kukaa naye, kana kwamba kifundo chake kinaambukiza.

Ndiyo maana kila mmoja wetu alikuwa anaota Dar es Salaam. Jumapili tulizunguka redio moja dukani tukisikiliza timu kubwa, na mtangazaji akilitaja jina la mchezaji, sisi tulilirudia midomoni. Huko nako mchezaji aliajiriwa kwenye shirika fulani, lakini watu walisema huko ukiumia unapelekwa hospitali kubwa, na ukizeeka unaachiwa kazi. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilikuwa winga wa kulia, nilikuwa na mbio, na nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka chakula.

Sasa lazima niwaeleze kwetu. Sisi tulikaa Ndama, kwenye kibanja cha Mzee Byarugaba, shamba lake la migomba na kahawa. Babu yangu alivuka mto kutoka Rwanda kabla ya Uhuru, akaja kulima kahawa ya baba yake Byarugaba. Alipewa pembe ya shamba, akajenga, akazaa, akafa, akazikwa pale pale kati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wote wa huku. Baba yangu, Petro, alizaliwa pale, nami nikazaliwa pale. Tulikula ndizi za pembe ile na tulichuma kahawa ya Mzee. Hakuna aliyetutesa. Lakini kibanja hakikuwa chetu, na baba alikuwa akimwitikia Mzee Byarugaba "waitu", neno letu la heshima, hata pale Mzee alipokuwa amekosea.

Na Mzee Byarugaba alinipenda. Hilo nataka lieleweke. Hakukosa mechi. Alikuja na baiskeli kutoka Ndama, kanzu ameikunja, akasimama kwenye mstari akiniita "mtoto wangu" mpaka sauti inakauka. Nikifunga, aliwaambia watu, "Mnamwona? Huyo ametoka kwenye kibanja changu."

Nilipokuwa na miaka kama ishirini na miwili hivi alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, kiongozi wa timu kubwa. Alitazama mechi mbili, akazungumza na Mwalimu Selestini na meneja, wakakubaliana niondoke baada ya mavuno. Mwalimu aliponipa habari alikohoa muda mrefu, kisha akasema, "Ukifika huko usianze kupiga chenga za kijinga." Nilimwona anajifuta macho na nikajua si kikohozi.

Haikupita muda, pingamizi likawekwa. Timu pinzani ya huko huko Dar ilikuwa imesikia habari zangu, na mtu wa kwetu, ambaye hadi leo sijamjua, aliwaambia kwamba winga wa Omurushaka ni Mnyarwanda. Wakasema haiwezekani nisajiliwe. Chama cha mpira kikasema si kazi yake kujua nani ni raia, wenye kazi hiyo wakaulizwe. Jibu likaja kwamba ofisa wa uhamiaji atakwenda Ndama mwenyewe, azungumze na balozi wa nyumba kumi na wazee, aone familia hii imekaa tangu lini na wazee wake wamelala wapi.

Hapo nilifurahi. Nilikuwa mjinga wa furaha kweli. Nilimwambia Mwalimu Selestini, "Wamekwisha hao. Babu yuko pale pale, hata kipofu ataliona kaburi." Mwalimu hakufurahi.

"Pale pale wapi?" akauliza.

"Kwenye kibanja cha Mzee Byarugaba."

Akaukandamiza mpira kwa kidole gumba kuona kama una upepo. "Mwache baba yako aamue," akasema. "Usimsukume."

Sikumwelewa, mpaka Mzee Byarugaba alipokuja kwetu. Alikuja mchana, mimi nikiwa uani nashona daruga. Tulimpa kiti, baba akabaki amesimama. Mzee hakuzunguka.

"Petro, nimesikia kuna watu wanakuja kuuliza habari za makaburi."

"Ndiyo, waitu."

"Mimi nampenda huyu mtoto. Mungu ananiona, Jumapili silali mchana kwa ajili yake. Lakini nina wana watano, na kibanja ni hiki kimoja. Leo ukiwaonyesha watu wa serikali kaburi la baba yako ndani ya migomba yangu, na balozi anasikia, kesho mimi nikifa wanao watawaambia wanangu, babu yetu amelala hapa, tugawane. Hapo nani atabisha? Kaburi lipo, serikali imeliona."

"Hatutadai kitu, waitu. Nitaapa mbele ya padri."

"Wewe hutadai. Nimeshakujua miaka yote. Hawa wa nyuma yako ndio siwajui." Akanitazama, kisha akatazama daruga iliyokuwa mikononi mwangu, na sauti yake ikashuka. "Ukiwaonyesha, Petro, utafute pa kuhamia. Sitaki kukwambia hivyo, lakini nakwambia."

Akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliyopewa, akaisifu, akaaga.

Nilimsihi baba jioni ile na kesho yake. Nilimwambia tuhame basi, nikifika Dar nitapata kazi, nitawatumia, nitawajengea. Mama alikuwa anasikiliza mlangoni, na nyuma yake walikuwa wadogo zangu, wengine hawajaanza shule.

"Tuhamie wapi kesho kutwa?" baba akaniuliza. "Na mguu wako ukivunjwa mwezi wa kwanza?"

"Hautavunjwa."

"Yule rafiki yako anayekaa chini ya ukuta, naye si alisema hivyo?"

Nilimwuliza atamwambia ofisa nini, akasema atajua atakapoulizwa. Nikajipa moyo. Nilidhani mtu hawezi kusimama kwenye kaburi la baba yake akalikana. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Asubuhi ya siku waliyokuja niliamka kabla ya wote, nikaingia kwenye migomba, nikalifanyia usafi kaburi la babu. Niling'oa magugu, nikaondoa majani makavu ya migomba, nikauinua udongo ukawa tuta zuri. Kulikuwa na mimea miwili ya omuramura, ile tunayopanda mipakani na makaburini, nikaikata majani yaliyokauka. Nilitaka ofisa asipate shida ya kutafuta.

Alikuwa kijana mwenye adabu, ofisa yule. Alimwamkia baba shikamoo, akamwamkia Mzee Byarugaba, akapokea kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyotakiwa. Balozi alikuwepo, Mwalimu Selestini alikuwepo, na majirani wachache waliojifanya wanapita. Baada ya maswali ya kawaida ofisa akaomba tutembee shambani. Tukaenda mpaka pale, kwa sababu njia ilipita pale. Tuta lilikuwa jeusi na safi, linaonekana toka mbali, na sisi wote tukasimama.

"Mzee," ofisa akamwambia baba, "baba yako amezikwa wapi?"

Baba alikuwa amevua kofia. Nilikuwa nyuma yake, naona shingo yake. Mzee Byarugaba alikuwa anatazama mikungu ya ndizi juu.

"Ng'ambo ya mto," baba akasema.

"Rwanda?"

"Ndiyo. Alirudi kufia kwao."

Ofisa akatazama tuta, akanitazama mimi na mikono yangu iliyokuwa bado na udongo. "Na hapa ni nini?"

"Hapo palikuwa na kichuguu," baba akasema. "Tulikibomoa."

Ofisa akamgeukia balozi. Balozi akasema yeye alihamia juzijuzi, hana anachojua. Akamgeukia Mzee Byarugaba, na Mzee akasema Petro ndiye anayemjua baba yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo, na baba akageuka akanitazama. Sijawahi kumwona mtu anaomba namna ile bila kusema neno. Nyuma yetu, uani, mdogo wangu wa mwisho alikuwa analia anataka uji. Nikafunga mdomo.

Ofisa aliaga kwa heshima. Kosa halikuwa lake, aliuliza akajibiwa. Hakuna aliyetufukuza nchini, na huko Ndama tuliendelea kuwa wale wale tuliokuwa jana yake. Ila bila kaburi hatukuwa na ushahidi, na pingamizi lilisimama. Yule bwana wa Dar es Salaam aliondoka na golikipa wetu. Mwaka uliofuata tukawa tunalisikia jina lake redioni pale dukani, na mimi nilikuwa najifanya naenda kununua chumvi.

Nilimchukia baba yangu. Tulikula sahani moja na nilimchukia. Yeye alikuwa anakuja uwanjani kila Jumapili, jambo ambalo zamani hakulifanya, akasimama nyuma ya goli peke yake. Mzee Byarugaba hakukanyaga tena uwanja ule. Watu walisema amezeeka, baiskeli inamshinda.

Nilicheza kwa hasira, na hasira ilinifanya mchezaji mbaya. Nilikuwa naingia kwenye kila mpira kana kwamba umenitukana. Mwalimu Selestini alinionya, akaniweka nje, akanirudisha kwa sababu hakuwa na mwingine, na siku moja ya mvua goti likageuka upande. Nililisikia kabla sijaanguka. Walinichoma sindano ya ganzi nicheze mechi inayofuata, na nyingine, na nyingine. Vijana, mtu akiwaletea sindano hiyo, itupeni chooni na yeye mfungieni nje. Mpira niliumaliza nikiwa sijafika thelathini. Kiwandani nikaambiwa kwa sasa hakuna nafasi.

Mwalimu Selestini ndiye aliyeniokoa. Kikohozi kilikuwa kimemzidi, akanifanya msaidizi wake, nibebe mipira na nipaze sauti kwa niaba yake. Alinifundisha kila kitu ninachokijua, mpaka alipofariki nikarithi kazi. Nimefundisha shule za wilaya na timu za vijana kwa miaka mingi kuliko niliyocheza. Nimewaona watoto wenye mbio kama zangu. Sikuwahi kumwambia hata mmoja kwamba atafika. Niliwafundisha kushona, kunyoa, kutengeneza baiskeli, chochote, na wazazi wengine walinilalamikia kwamba nawakatisha tamaa wanao. Kweli, niliwakatisha.

Katika miaka ile ya tisini baba alipata ardhi Songambele, serikali ya kijiji ilipogawa maeneo, wakahama wote. Alilima huko migomba yake mwenyewe kwa miaka michache tu. Alipougua alituita akasema tumrudishe Ndama. Tulimwambia sasa ana kibanja chake, apumzike hapa. Akasema, "Nirudisheni kwa baba." Hilo ndilo neno pekee alilowahi kusema juu ya jambo lile.

Tulimpeleka kwa lori la kahawa, jeneza limefunikwa turubai. Njia nzima wadogo zangu walikuwa wanabishana tutafanya nini tukikataliwa. Mimi nilikuwa nakanda goti lililovimba. Nilikuwa nimeamua kwamba Mzee Byarugaba akikataa nitampiga, mzee au si mzee, na nilikuwa nangojea akatae.

Alitoka nje anaegemea fimbo, na wanawe watano nyuma yake, watu wazima sasa. Watu walikuwa wamejaa uani, majirani wote wa Ndama, hata yule balozi. Nikamwamkia, akaitikia. Hakuuliza tumekuja kufanya nini. Aliingia kwenye migomba polepole, sisi tukamfuata, akasimama pale pale, mahali penye omuramura mbili ambazo sasa zilikuwa zimenizidi urefu. Akachora ardhi kwa fimbo yake, kando ya tuta.

"Chimbeni hapa," akasema kwa sauti, awasikie wanawe. "Petro alale na baba yake."

Kisha akanigeukia. "Bado unacheza?"

"Hapana, mzee. Goti."

"Pole, mwanangu."

Nikachukua jembe kwa mdogo wangu mmoja, maana sikujua mikono niiweke wapi. Mzee akaletewa kiti, akakikataa, akabaki amesimama muda wote tulipokuwa tukichimba. Na kila mtu aliyefika msibani, awe ameuliza au hakuuliza, alimwonyesha lile tuta kwa fimbo na kumwambia, "Hilo ni la babu yao. Alikuja kwa baba yangu kabla ya Uhuru, akafia hapa hapa, nilimzika mimi mwenyewe." Aliyasema vizuri, bila kukosea, tena na tena, mpaka shimo likanifika kifuani.